Marimba ya mkono: jinsi ya kujifunza, kuyapiga na kuitunza sauti yake

Marimba ya mkono ni ala ya vyuma vyembamba vilivyopangwa juu ya ubao au sanduku la mbao. Mpigaji huishika kwa mikono miwili, akabonyeza ncha za vyuma kwa vidole gumba na kuziachia. Kila chuma kina sauti yake. Hapa Tanzania ala hii inajulikana zaidi kwa Wagogo wa mkoa wa Dodoma, ambao huyaita yale makubwa ilimba na yale madogo chirimba.

Makala haya yanaeleza namna marimba yanavyofanya kazi, jinsi ya kuyatengeneza, kuyapiga, na kuwarekodi wazee kwa simu. Yanaeleza pia jambo ambalo wengi hawalijui: ubao ukivunjika fundi anaweza kuuchonga upya, lakini mpangilio wa sauti ukisahaulika, hakuna duka linaloweza kuurudisha.

Ala moja, majina mengi

Ala za jamii hii zimeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Zimbabwe huitwa mbira. Malawi na Zambia utasikia kalimba au sansi. Kongo huitwa likembe, na jina hilo limefika mpaka Uganda. Mjini Kinshasa, kundi la Konono No. 1 lilijulikana duniani kwa kuunganisha likembe na vipaza sauti vya umeme.

Si ala ya juzi. Mwaka 1586 padri wa Kireno, João dos Santos, aliiona katika nchi ya nyuma ya Sofala, Msumbiji ya leo. Aliandika kuhusu ala ya vyuma tisa iliyopigwa kwa vidole gumba. Mwaka 2020, UNESCO iliingiza ufundi wa kutengeneza na kupiga mbira, au sansi, wa Malawi na Zimbabwe katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Jina "kalimba" unaloliona kwenye matangazo ya mtandaoni lilisambaa kwa njia nyingine. Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kurekodi muziki wa nchi nyingi, ikiwemo Tanganyika mwaka 1950, alianza katika miaka hiyo ya 1950 kutengeneza na kuuza ala hii kwa jina hilo. Ili wanunuzi wa Ulaya na Marekani waweze kuipiga, aliipanga kwa sauti za kinanda. Kalimba nyingi zinazotoka viwandani leo, hasa China, zinafuata mpangilio huo: vyuma 17, sauti zote za kinanda. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Sehemu za marimba

Marimba ya Wagogo yana sehemu hizi kuu:

- Sanduku. Ni la mbao, lina uwazi ndani. Ndilo linalokuza sauti.
- Vyuma. Hupondwa kutokana na misumari, spoki za baiskeli, mbavu za mwavuli au chuma kingine kigumu kinachorudi mahali pake kikipindwa. Kirefu hutoa sauti nzito, kifupi hutoa sauti nyembamba. Marimba makubwa yanaweza kuwa na vyuma zaidi ya 30.
- Vishikizi. Vyuma huegemea juu ya vipande viwili vilivyolala kukingama, na katikati yake kipande cha tatu huvikandamiza vibaki mahali pake.
- Vyuma vya kuitikia. Katika marimba makubwa si kila chuma hupigwa. Vingine vimewekwa vitikisike vyenyewe pale chuma chenye sauti inayopatana navyo kinapopigwa. Ndiyo maana mpigaji mmoja husikika kama kundi.
- Utando. Sanduku lina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe kama karatasi laini unaobanduliwa ukutani. Utando huu ndio unaotoa mlio wa kukoroma unaofuatana na kila sauti.

Mtu aliyezoea redio na gitaa anaweza kudhani mlio huo ni kasoro. Sivyo. Fundi huuweka makusudi, na marimba yasiyokoroma kwa wenyewe ni kama chakula kisicho na chumvi. Wapigaji wa mbira wa Zimbabwe hupata mlio wa aina hiyo kwa kufunga vizibo vya soda kwenye ubao.

Sauti za Wagogo zinatoka wapi?

Hapa ndipo penye siri ya ala hii.

Chukua zeze au gitaa. Piga waya mmoja ukiwa wazi. Sasa gusa waya huo kidogo tu kwa kidole katikati yake, kisha kwenye theluthi, kisha kwenye robo, ukiupiga kila mara bila kuukandamiza. Utasikia sauti nyembamba zinazopanda. Sauti hizo zimo ndani ya waya ule ule tangu mwanzo. Kidole kimezifichua tu. Zinapanda kwa hesabu. Sauti ya pili hutikisika mara mbili ya ile ya kwanza, ya tatu mara tatu, na kuendelea.

Mtafiti wa muziki kutoka Austria, Gerhard Kubik, aliyeanza safari zake za Afrika mwaka 1959, alieleza kwamba sauti tano za muziki wa Wagogo zinalingana na sehemu ya ngazi hiyo ya asili, kuanzia sauti ya nne mpaka ya tisa au ya kumi.

Tuiweke kwa namba. Tuseme chuma cha kwanza kinatikisika mara 300 kwa sekunde. Vinavyofuata vitakuwa 350, 400, 450 na 500. Kisha tunaruka hadi 600, ambayo ni sauti ile ile ya kwanza ikiwa juu zaidi, kama mtoto anayeimba wimbo mmoja na baba yake.

Wanakwaya wanaosoma sol-fa wataelewa upesi. Tukiita 400 kuwa *do*, basi 450 ni *re*, 500 ni karibu sana na *mi*, na 300 na 600 ni *so*. Lakini 350 haina jina. Imeipita *la* kidogo, na haijafika katikati ya *la* na *ti*. Kwenye kinanda hakuna kitufe chake. Mtu asiye mzoefu akiisikia husema, "Chuma hiki kimeharibika." Mgogo akiisikia husema hapo ndipo nyumbani.

Sauti hizi ndizo zinazoongoza hata uimbaji. Katika nyimbo nyingi za Kigogo, anayeitikia haimbi sauti iliyo jirani na ya kiongozi. Huruka moja. Kiongozi akiwa kwenye 300, mwitikiaji yuko 400. Akiwa kwenye 350, mwitikiaji yuko 450. Sauti zinapatana kwa sababu zote zimetoka kwenye ngazi moja. Ondoa 350, weka sauti ya kinanda, na mapatano hayo yanayumba.

Sauti hii inapoteaje?

Haipotei kwa kishindo. Inapotea kwa njia tatu za kawaida.

Ya kwanza ni kalimba ya kiwandani. Si ala mbaya, ni rahisi kuipata, na mtoto anaweza kuanzia hapo. Lakini akitaka kupiga wimbo wa bibi yake hataipata ile sauti isiyo na jina. Ataubadilisha wimbo ufanane na ala. Baada ya miaka michache, wimbo uliobadilishwa ndio utakaoonekana kuwa sahihi.

Ya pili ni kinanda. Vijana wanapopiga marimba pamoja na kinanda kanisani au studio, mara nyingi marimba ndiyo yanayoombwa kufuata. Mzee anakubali, anagonga vyuma vyake vifuate kinanda, na mpangilio alioachiwa na baba yake unafutika kwa alasiri moja. Ushauri ni rahisi: tengenezeni marimba ya pili kwa ajili ya kinanda. Yale ya mzee yaachwe yalivyo.

Ya tatu ni kifo. Fundi akifariki, marimba yake hutundikwa ukutani. Vyuma vinapata kutu na kulegea. Mjukuu akiyashusha baada ya miaka kumi, ubao upo na vyuma vipo, ila hakuna anayejua kila kimoja kilikuwa kikisemaje.

Kutengeneza marimba ya kuanzia

Kwa anayejifunza, marimba ya vyuma sita mpaka kumi yanatosha.

1. Tafuta mbao kavu kabisa. Mbao mbichi hujikunja na kulegeza vyuma.
2. Tengeneza sanduku dogo linaloenea mikononi. Toboa tundu la sauti.
3. Ponda vyuma vyako vikiwa baridi mpaka viwe bapa, vyote kwa unene mmoja. Usitumie waya laini wa kufungia, kwa kuwa hupinda na hauwezi kushika sauti.
4. Sugua ncha kwa tupa zisikate vidole.
5. Funga vishikizi kwa nguvu. Chuma kinachocheza hutoa sauti ya kufa.

Vyuma vikiwa na unene sawa, urefu ndio unaoamua sauti. Pima kuanzia kishikizi cha mbele mpaka ncha inayopigwa. Ukianza na chuma cha sentimita 10, vinavyofuata viwe karibu na hivi:

- cha kwanza (300): sm 10
- cha pili (350): sm 9.3
- cha tatu (400): sm 8.7
- cha nne (450): sm 8.2
- cha tano (500): sm 7.7
- cha sita (600): sm 7.1

Chuma chako kinaweza kutoa sauti ya juu au ya chini kuliko 300. Si tatizo. Kinachohesabika ni uwiano kati ya chuma na chuma, si namba yenyewe. Kwa hiyo vipimo hivi ni vya kuanzia tu. Sikio ndilo linalomaliza kazi.

Mpangilio wa kawaida ni kuweka kirefu katikati, kisha vinavyofuata kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto, vikifupika kuelekea pembeni. Faida yake utaiona ukianza kupiga: vyuma viwili jirani upande mmoja ni sauti zilizorukwa moja, kwa hiyo ukivipiga pamoja kwa kidole kimoja vinapatana, kama kiongozi na mwitikiaji.

Kulinganisha sauti

Wanamuziki wengi husema "kutyuni". Kazi yenyewe ni kusogeza chuma kidogo kidogo kwa kukigonga na nyundo ndogo.

- Sauti ikiwa juu mno, gonga chuma kitokeze zaidi upande wa kupigia. Sehemu inayotikisika inarefuka, sauti inashuka.
- Sauti ikiwa chini mno, kirudishe ndani. Inafupika, sauti inapanda.
- Kama chuma hakina tena nafasi ya kutokeza, unaweza kubandika nta kidogo chini ya ncha yake. Uzito unashusha sauti.

Anza na chuma cha tatu, yaani *do* yetu. Linganisha kwanza cha kwanza na cha sita, maana ni sauti moja katika ngazi mbili. Kosa hapo husikika haraka. Kisha fuata vingine.

Kama kuna mzee mwenye marimba yanayosikika vizuri, mfuate yeye badala ya namba zetu. Mafundi wawili hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ni mali yao.

Ukitumia programu ya simu ya kupima sauti, jihadhari. Programu hizo zimetengenezwa kwa ajili ya kinanda. Hugawa hatua moja ya kinanda katika vipande 100 viitwavyo senti. Ukishaweka *do* sawasawa, *mi* ya asili itaonekana chini kwa senti 14 hivi, na ile sauti isiyo na jina itaonekana chini kwa senti 31 hivi. Simu itakuambia umekosea. Hujakosea. Usigonge chuma mpaka mshale usimame katikati. Ukifanya hivyo umeshakigeuza kuwa kinanda.

Hatua za kwanza za kupiga

Shika sanduku kwa viganja pembeni, vidole gumba juu, vingine vikilishikilia kwa chini. Keti bega kwa bega na mwalimu, si kumkabili. Ukimkabili, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako na utachanganyikiwa.

1. Vijue vyuma. Piga kimoja kimoja polepole, na uimbe sauti yake. Usiendelee mpaka uweze kuiimba kabla ya kuipiga.
2. Mkono mmoja. Chukua vyuma viwili au vitatu vya kushoto, tengeneza mzunguko mfupi usiobadilika. Urudie mpaka uweze kuzungumza na mtu huku ukipiga.
3. Mkono wa pili. Kulia kusipige pamoja na kushoto. Kujaze nafasi ambazo kushoto kumeziacha wazi. Mikono miwili hupokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja.
4. Sauti ya mdomo. Mzunguko ukikaa, anza kuimba juu yake. Hapa wengi hukwama. Rudi kwenye mkono mmoja, imba, kisha ongeza wa pili.

Mwanzoni dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha. Vidole gumba huuma kabla ya kukomaa. Vikitoa lengelenge, pumzika.

Kutoka Doduma hadi majukwaa ya dunia

Aliyeifanya ilimba ijulikane duniani ni Hukwe Zawose, aliyezaliwa katika kijiji cha Doduma mkoani Dodoma. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam akaonyeshe muziki wa Wagogo kwa taifa. Baadaye alihamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa. Albamu yake *Chibite* ilitolewa Uingereza mwaka 1996 na Real World, lebo iliyoanzishwa na mwanamuziki Peter Gabriel. Alifariki Desemba 2003.

Hukwe hakuyageuza marimba yake yafanane na kinanda ili yapendwe ng'ambo. Aliyapeleka na sauti zake zote, hata ile isiyo na jina na ule mlio wa kukoroma, na watu wakasikiliza.

Kazi iliendelea nyumbani. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa albamu *Uhamiaji* mwaka 2017. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu *Maisha*. Hilo la mwisho lina uzito wake. Zamani kuongoza nyimbo na kupiga ala hizi kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume, huku wanawake wakiitikia na kupiga ngoma zao za muheme. Familia inayowafundisha wavulana peke yao imeamua kupoteza nusu ya warithi wake.

Kurekodi kwa simu yako

Huhitaji studio. Simu ya kawaida yenye kinasa sauti inaweza kuokoa mpangilio mzima wa sauti za fundi mmoja kwa chini ya dakika kumi.

1. Omba ruhusa kwanza. Mweleze mzee rekodi ni ya nini na nani ataisikia. Nyimbo nyingine, kama zile za jando, si za kusikika na kila mtu. Akisema huu usirekodi, zima simu.
2. Zuia kelele. Weka simu katika hali ya ndegeni isiite katikati. Kaeni ndani au nyuma ya ukuta unaokinga upepo.
3. Weka simu umbali wa rula moja kutoka kwenye marimba, juu ya kitambaa, si juu ya sanduku lenyewe.
4. Sema utambulisho: jina la mpigaji, kijiji, tarehe, na aliyemfundisha.
5. Rekodi chuma kimoja kimoja, kuanzia kushoto hadi kulia. Kila kimoja kipigwe mara tatu na kiachwe kifie chenyewe. Piga picha ya marimba kutoka juu, vyuma vyote vionekane. Watu wengi husahau hatua hii, nayo ndiyo ya thamani kuliko zote.
6. Kisha rekodi nyimbo, polepole kwanza, halafu kwa mwendo wake wa kawaida. Mwombe aeleze maneno na wakati wimbo unapoimbwa.
7. Hifadhi mahali pawili. Nakala moja kwenye kadi ya kumbukumbu, nyingine kwa ndugu au mwalimu wa shule. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama faili, si kama ujumbe wa sauti, ili ubora usipungue.

Kabla ya kuweka rekodi mtandaoni, rudi kwa mpigaji akubali tena, na jina lake liandikwe. Sheria ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji, na inagusa pia sanaa za jadi zinapotumiwa kibiashara. Mtunzi wa nyimbo mpya anaweza kuzisajili COSOTA.

Mambo ya kukumbuka

- Marimba ya Wagogo yana sauti tano za asili, na moja kati yake haimo kwenye kinanda.
- Sauti hiyo na mlio wa kukoroma si kasoro.
- Kalimba ya dukani ni ya kuanzia vidole, si ya kufundishia sikio.
- Usiyabadilishe marimba ya mzee. Tengeneza mengine.
- Rekodi vyuma kimoja kimoja wakati mwenyewe bado anaweza kukuambia, "Hapana, hicho kimeshuka, ngoja nikirekebishe kwanza."